Kimya Kile Kilikuwa Changu

Katindiuka, Ifakara
Jumatatu, 19 Juni 2023

Aneth,

Juzi Jumamosi, tarehe 17, saa sita mchana haijafika, kwenye sherehe ya kikundi chetu pale uwanjani Michenga, nilipoteza nusu ya pili ya risala yangu. Sikuiangusha wala haikupeperushwa na upepo. Ilichukuliwa pamoja na maiki, mbele ya mgeni rasmi, na aliyeichukua alikuwa amevaa viatu vyangu vya kanisani.

Salamu utazikuta chini huko kama zitabaki.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ukinipigia simu utanishinda. Wewe ukifungua mdomo mimi hujikuta nakubali hata nisichokubali. Kwenye karatasi angalau hakuna maiki ya kunyang'anyana. Barua hii naitia ndani ya mfuko wa mchele, namkabidhi Kassian, konda wa basi la asubuhi, akuachie hapo Sanje. Mchele upike. Watoto wako hawana kosa.

Nikukumbushe hesabu. Kikundi cha Nguvu Zetu nilikianza na wanawake sita na turubai moja la kuazima. Leo wakulima tuko arobaini na saba, wanaume wamo, mume wangu yumo. Mwenyekiti ni mimi tangu siku ile. Lakini risala kwa wageni alikuwa akisoma katibu wetu Barnaba, kwa sauti yake ile ya matangazo ya misa, maana mimi nikisimama mbele ya watu mate hunikauka. Mashineni kwangu, ninapokobolea watu mpunga, naweza kumkatalia bei mnunuzi aliyetoka Dar na lori lake huku namtazama machoni. Niwekee maiki, nakuwa mtoto wa darasa la pili aliyesahau daftari.

Ndiyo maana mwezi wa tano nikakuita. Nilikuita unifundishe kusema. Sikukuita uje useme. Hayo ni mambo mawili, kama kumwazima mtu jembe na kumwazima shamba.

Ukaja. Tukapanda dunguni, kile kichanja changu cha kuwingia ndege shambani, kwa sababu mjini kila dirisha lina masikio, na ndege walikuwa wameanza kuushukia mpunga. Ukaniambia, "Dada, jukwaa ndilo hili. Achanisha miguu kama unapepeta. Vuta pumzi ifike tumboni. Sema na aliye mwisho kabisa wa jaruba. Chagua uso mmoja unaokuamini, uutazame huo, nyuso nyingine zitakuja zenyewe. Na ukishasema jambo kubwa, nyamaza. Usiogope kimya, kiache kifanye kazi." Nikakuuliza nitajuaje kimetosha. Ukacheka: "Wewe unajua kuwinga ndege. Utajua."

Na kweli nilijua. Mtu wa dunguni akipiga ukelele hapigi mwingine papo hapo. Ananyamaza, anaangalia kundi limeruka kwenda wapi, ndipo anajua wa pili auelekeze wapi. Anayepiga kelele mfululizo ndege humzoea, wakala huku anaimba.

Jumamosi nikasimama. Nikasoma kurasa mbili vizuri, hata Barnaba alishusha miwani. Nikaiweka karatasi chini ya kwapa, nikasema, "Mheshimiwa, mpunga huu tumeulinda hivi," nikapiga ukelele wetu. Spika zikalia, watoto wakakimbia, mgeni rasmi akamwaga soda. Watu wakacheka. Nikanyamaza.

Na wewe ukaja. Ukaichukua maiki ukasema, "Mheshimiwa usiogope, Mama Marsiana hajakufukuza wewe, kafukuza ndege! Siku ukifukuzwa wewe, utajua!" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Ukashukuru, ukaimbisha, ukamaliza. Mgeni wetu akaondoka na gunia lake la zawadi, anafuta machozi ya kucheka, na hakuahidi kitu. Kwa sababu hakuombwa kitu. Ombi la sakafu ya kuanikia mpunga lilikuwa ukurasa wa tatu, na ukurasa wa tatu haukusomwa na mtu.

Tangu siku ile wateja mashineni hawaniulizi foleni. Wananiuliza, "Yule dada yako MC bado yupo?" Paroko ameulizia kama una nafasi siku ya kipaimara. Gaudensi jana alikuwa ananawa miguu uani, peke yake, anacheka. Namwuliza nini. Anasema, "Siku ukifukuzwa wewe, utajua." Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kurudia neno langu hata moja akiwa ananawa miguu.

Nina swali moja. Nani alikuita pale mbele?

Odilia


Sanje
Alhamisi, 22 Juni 2023

Dada Odilia,

Shikamoo dada yangu. Naianza na shikamoo kwa sababu hata ukinichukia vipi wewe ndiye uliyekuwa unanivusha mto nikiwa mgongoni, enzi baba anakata miwa na sisi tumepanga chumba kwa shangazi. Mchele nimeupokea. Tumeupika jana. Mwanangu Joshua ameuliza mbona mama analia na chakula kitamu.

Dada, barua yako nimeisoma nimesimama. Sasa na wewe soma yangu umekaa.

Nani aliniita pale mbele? Miguu yangu ndiyo iliyoniita. Mimi kazi yangu ni kusikia ukumbi ukivunjika kabla haujavunjika. Nimeshaona bwana harusi akisahau jina la mke. Nimeshaona mjomba amesimama kutoa nasaha akaishia kusema "ahsanteni" mara tisa. Mtu akikwama, kuna dakika moja tu ya kumwokoa. Ikipita, watu hawacheki tena, wanamwonea huruma, na huruma ya watu mia tatu, dada, hainawiki kwa sabuni.

Wewe ulikwama. Nisamehe kukuandikia hivyo. Ulipiga ukelele, watu wakacheka, ukabaki umesimama. Halafu ukaanza kupapasa fundo la kanga kiunoni kama abiria aliyepoteza nauli, na Kassian yuko kichwani pako. Nilifanya nini? Nikaugeuza ukelele ukawa wa makusudi. Nikawafanya wacheke na wewe badala ya kukucheka wewe. Ukurasa wa tatu sikuuona, ulikuwa kwapani mwako. Ningeuvuta kwapani?

Viatu ulinipa mwenyewe. Ulisema, "Vaa, vyangu vinanibana, leo sitaki kubanwa na kitu." Kama umesahau hilo, tusigombanie mengine.

Na shemeji Gaudensi kucheka akinawa, hilo dada usinibebeshe. Mzaha ni kama harufu ya kitunguu, unabaki kwenye nguo za watu hata mpishi akishaenda zake.

Paroko mwambie sina nafasi. Sitaki kusimama tena kwenye viwanja vyako.

Mdogo wako,
Aneth


Katindiuka
Ijumaa, 23 Juni 2023

Shemeji Aneth,

Habari za hapo. Nisamehe mwandiko, tangu niache shule kalamu naishika siku ya kura tu. Ningekupigia lakini simu yangu iko kwa Mama Marsiana tangu Jumapili. Anasema yake haina chaji. Ila hiyo yake naisikia inaita.

Kassian nimemwomba hii akupe mkononi, asiitie kwenye mfuko wa mtu yeyote.

Shemeji, lile nililokuambia nyuma ya turubai kabla ya risala, naomba libaki palepale nyuma ya turubai. Nilikuwa na nia njema, Mungu anaona. Asubuhi ile nilimtazama akivaa. Anashindwa kufunga hereni, mimi ndiye niliyemfungia. Nikaogopa. Ndipo nikakuambia ukae karibu na maiki, nikikutikisia kichwa inuka. Nikakutikisia. Sasa nikiwaza, labda niliwahi mno.

Nieleze kidogo, usinione mpumbavu. Nimeoa mwanamke ambaye hajawahi kuniomba hata nimnyanyulie gunia. Mashine kanunua yeye, nyumba kapaua yeye, mimi nimepaka rangi. Siku moja nikaona upenyo wa kumfaa, nikaukimbilia.

Akijua ni mimi hatanigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Atanyamaza. Wewe unakijua kimya chake cha jukwaani, cha nyumbani hukijui.

Kwa hiyo akikuuliza, mwambie ulijionea mwenyewe. Kelele zake wewe utazivumilia, uko mbali.

Wako shemeji,
Gaudensi


Katindiuka
Jumanne, 27 Juni 2023

Aneth,

Shikamoo yako nimeipokea, nimeiweka kabatini. Nikiwa tayari kuijibu nitaijibu.

Sasa nina ushahidi. Fidel, kijana wa Barnaba, alirekodi risala yote kwa simu, tangu niliposimama. Nimemwomba anitumie. Nimeitazama jikoni mara nyingi kiasi kwamba ukimwuliza mwanangu Marsiana anaweza kukuigizia, na wali umeungua mara mbili.

Ulisema nilikwama. Ngoja nikuambie nilichokuwa napapasa.

Kwenye fundo la kanga nilikuwa nimefunga konzi moja ya mchele. Mchele wetu wenyewe, wa mpunga ulioanikwa kando ya barabara kama tunavyoanika wote, na changarawe zake zote, sikuchambua hata moja. Baada ya ukelele nilikuwa ninyamaze mpaka watu watulie. Kisha nisogee meza kuu, nifungue fundo, nimimine ule mchele kwenye kisosi cha mgeni rasmi, niseme, "Mheshimiwa, karibu utafune." Basi. Ninyamaze tena. Akisikia changarawe kwenye jino lake mwenyewe ndipo nimsomee ukurasa wa tatu: tunaomba eneo na saruji, tuanike mpunga kwenye sakafu kama watu.

Hilo sikufundishwa na wewe. Nililiwaza peke yangu, mashineni, siku mnunuzi aliponirudishia gunia na kunitemea changarawe miguuni. Sikukuambia kwa sababu nilitaka siku hiyo hata wewe ushangae. Nilitaka, mara moja tu, nikutazame wewe ukiwa umekaa na mimi nimesimama, na mdomo ulioachwa wazi uwe wako.

Watu walipocheka nilifurahi. Walikuwa wameruka. Nilikuwa nangoja watue.

Wewe unaogopa kimya, Aneth. Unakifundisha kama mtu anayefundisha kuogelea akiwa kwenye mtumbwi. Kwenye kazi yako ukumbi ukinyamaza mwenye sherehe anafikiri MC kalala. Lakini pale haikuwa harusi. Kimya kile kilikuwa changu, nilikitengeneza kwa jasho, na ulipokivunja ulivunja kitu changu.

Sasa sikiliza la pili, na hili ndilo lililonifanya nilale kitanda cha Marsiana. Ukinitazama mimi kwenye ile video huoni kitu. Tazama pembeni. Dakika ya nne na sekunde kumi na mbili Gaudensi anageuka kukutazama wewe. Si mimi ninayesoma. Wewe. Na wewe unamtazama yeye, na unainuka. Mimi nimekuja kunyamaza sekunde ya ishirini na moja. Umeinuka nikiwa bado nazungumza! Nimeihesabu mpaka kidole kimechubuka.

Mimi si mtoto. Mwanamke mmoja anasoma risala, mume wake anamtazama mwanamke mwingine, na yule mwingine anainuka kama aliyeitwa jina. Ungekuwa wewe ungeiitaje?

Wewe una sauti ambayo watu wanaifuata kama watoto wanavyofuata gari la matangazo. Una kiuno ambacho sare ya kikundi ilikikaa kama ilishonewa wewe, wakati fundi alinishonea mimi mara mbili ikakataa. Nilidhani angalau kuna kimoja changu ambacho hukihitaji.

Mchele ule bado umo kwenye fundo la kanga. Sijalifungua.

Niambie kuna nini kati yenu.

Odilia


Sanje
Jumatatu, 3 Julai 2023

Dada Odilia,

Shikamoo. Hii ni ya pili, iweke kabatini na mwenzake.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako iliniuma mahali pawili, na kila mahali palitaka siku yake.

La kwanza nilimalize haraka. Kati yangu na shemeji Gaudensi hamna kitu, na hamtakuwa na kitu, na ukiniuliza tena nitakuja na Biblia ya marehemu mama niapie hapo mlangoni pa mashine yako, wateja wakiwa kwenye foleni. Mtu kunitazama ni kazi yangu, dada. Natazamwa. Ukiniajiri unanilipa nitazamwe.

Pale uwanjani hakuna mtu aliyeniambia kitu. Nilijionea mwenyewe. Nilikuwa nakutazama tangu mwanzo, na niliona unakwenda kukwama kabla hujakwama. Mtu aliyeshindwa hata kufunga hereni zake asubuhi, mpaka afungiwe, jukwaani utategemea nini? Ndiyo maana niliinuka mapema. Kosa ni langu, la macho yangu, nalichukua lote.

La pili ni hilo la kimya. Hapo umenipiga, na sina pa kukupiga.

Habari ya konzi ya mchele niliisoma nikaikunja karatasi, nikatoka nje. "Mheshimiwa, karibu utafune." Miaka yote nimeshika maiki, dada, sijawahi kuwaza kitu kama hicho. Mimi nawaza utani. Nawaza wimbo gani uingie keki ikikatwa. Kile ulichokuwa nacho kiunoni hakifundishwi, na mimi nimekikanyaga kwa viatu vyako.

Sasa ngoja nami niseme, usidhani wivu umeota kwako peke yako. Wewe unadhani mimi ninayeshangiliwa nina raha. Kila Jumamosi nasimama kusifia nyumba za watu, watoto wa watu, mavuno ya watu. Nikimaliza nashusha maiki, naivua sauti kama sare, narudi chumba cha kupanga. Sina jaruba hata moja. Ulipokuwa unasoma "sisi wakulima wa Nguvu Zetu", lile "sisi" lilinichoma hapa. Mimi sina "sisi". Nilipoishika maiki yako nikasema "sisi wakulima", watu wakapiga makofi, na kwa muda mfupi, dada, nilikuwa na shamba. Nadhani ndiyo maana sikuirudisha. Ningeweza kukurudishia baada ya ule mzaha. Ulinyoosha mkono. Nilikuona.

Na kuna jingine, bora ulisikie kwangu. Barnaba amenipigia. Anasema kamati inataka kwenye mkutano mkuu wa tarehe 15 nipokelewe uanachama, halafu jina langu lipendekezwe niwe msemaji wa kikundi, niende na ombi la sakafu huko wilayani. Amesema, "Mwenyekiti abaki na hesabu zake, wewe utubebee maneno." Nusu ekari ya kukodi wameshanitafutia. Sijajibu ndiyo wala hapana. Nusu ekari, dada.

Viatu nimevifuta, nimevitia rangi. Kassian anavyo.

Mdogo wako,
Aneth


Katindiuka
Jumatatu, 10 Julai 2023

Aneth,

Viatu vimefika. Vinanibana kama zamani.

Nianze na la nusu ekari nilitoe njiani. Chukua. Kamati ikikupa shamba, lima. Mbegu uje uchukue kwangu, usiende dukani wakakuuzia zilizochanganywa. Mtu aliyebebwa mgongoni kwangu hawezi kukosa pa kupandia mpunga huku mimi ninapo pa kumwonyesha. Ila usemaji ni habari nyingine. Barnaba nimemwendea mwenyewe, nimemwambia mwenyekiti anagombea usemaji. Akashusha miwani. Akasema, "Mama Marsiana, tusije tukafukuziwa tena wageni." Nikamwambia wanachama arobaini na saba wanajua kunyoosha mikono, wakuhesabu wewe, wanihesabu mimi. Ukitaka gombea. Ukinishinda kwa kura nitakusindikiza wilayani na nitakubebea maji ya kunywa, nina wivu lakini si mchawi.

Kila alfajiri wiki hii nimekwenda shambani. Mpunga umeshakatwa, ndege hawana wanachotafuta, dungu limebaki limesimama kwenye mabua. Napanda hivyo hivyo. Nawaeleza mabua habari ya sakafu. Nafika pa kunyamaza, nanyamaza. Siku za kwanza kimya kilikuwa kinanikaba, maana nilikuwa nakusubiri wewe uje unipokonye. Jana hukuja. Nilinyamaza mpaka nikasikia mtu anakohoa kule barabarani, ndipo nikasema neno linalofuata, na lilitoka kama nimelitoa mfukoni.

Kwa hiyo kusema najua. Namna ya kusimama najua. Kuna kitu kimoja tu kwenye mafunzo yako kilichobaki hakijakaa sawa, na kwa hicho ndiyo naandika.

Hereni.

Umeandika nilishindwa kufunga hereni asubuhi ile mpaka nikafungiwa. Aneth, asubuhi ile wewe ulikuwa bado uko njiani kutoka Sanje. Ulinikuta uwanjani nimeshavaa, hereni ziko masikioni. Chumbani mwangu tulikuwa watu wawili. Marsiana hakuwepo, alikuwa kwa bibi yake Kandida tangu Ijumaa.

Nikarudi kwenye video. Mwanzo nilikuwa naitazama kwa jicho la wivu, na jicho la wivu linaona kiuno tu. Nilidhani Gaudensi anakutazama kama mwanamume anavyotazama. Safari hii nimemtazama kichwa. Kinatikisika. Kidogo sana, mara moja, kama fundi anavyomwambia mwenzake aliye upande wa pili wa mbao, "Haya, sasa."

Tangu nimesoma barua yako sijamwambia kitu. Yeye ndiye anayehangaika. Juzi kanichotea maji ya kuoga. Jana kaja mashineni kubeba magunia ambayo vibarua nimewalipa wayabebe. Namtazama, anatazama chini. Ningeweza kumwuliza leo hii, yuko hapo uani anarekebisha baiskeli ambayo haijaharibika. Lakini akiniambia ukweli hapo uani, atauambatanisha na machozi na sababu, nami nitamsamehe kabla sijaelewa nasamehe nini. Na akinidanganya, nitajua anadanganya, na hilo litakaa mezani kwetu kila siku ya Mungu. Wewe hata ukinichukiza, kuna basi kati yetu.

Labda unadhani nitakufurahia kwa kuwa si yale niliyoyaogopa. Nami nilidhani hivyo. Nilikaa kitandani nikasubiri nafuu ije, haikuja. Mume kumtazama mwanamke mzuri, hilo nimeshalisikia kwa wenzangu, lina dawa zake, lina nyimbo zake. Sasa hili la mtu aliyenifungia hereni kwa mikono yake, akanibusu shavuni, akaniambia, "Nenda, unaweza," halafu akapita nyuma ya turubai kutafuta wa kunipokea nikianguka, hili naliimbia wimbo gani?

Uliniambia dunguni nichague uso mmoja unaoniamini. Sikukuambia nilichagua upi. Nilichagua wa Gaudensi. Alikuwa amekaa safu ya pili, mkono wa kushoto, nilimpanga mimi mwenyewe pale. Kurasa zote mbili nimemsomea yeye. Ukelele nilimpigia yeye. Na niliponyamaza, nikamtafuta nimwone anangoja pamoja na mimi, alikuwa ameshageuka.

Jumamosi hii tarehe 15 nitasimama mbele ya kikundi. Mchele uko kwenye fundo lilelile, nitaumimina mbele ya Barnaba kwa kuanzia. Nitasema, nitanyamaza, na nikinyamaza lazima macho yangu yawe na pa kukaa. Yeye ameshaniuliza mara mbili nitampanga akae wapi. Sijamjibu. Nakungoja wewe.

Usiniandikie kosa ni lako. Umeshaandika, na ulipoliandika ndipo hereni ilipodondoka. Usinifiche kwa kunihurumia pia, kwa sababu siku ile huruma yenu ninyi wawili ndiyo iliyoniondoa mbele ya watu, dhihaka haikuwemo. Sitaki sababu zake, atanipa mwenyewe zikihitajika. Sitaki pole. Shikamoo zako mbili ziko kabatini, na marahaba zake nitazitoa zote mbili kwa mkupuo siku nikipata ninachokuomba.

Aliyekuambia kwamba nitakwama ni nani? Andika jina lake kwa mkono wako, neno moja, ukitaka usitie hata salamu. Kassian anapita Sanje akirudi kutoka Morogoro Alhamisi saa tisa alasiri. Nimemwambia asimame hapo hata kama hakuna abiria, na asiondoke mikono mitupu.

Alhamisi, saa tisa.

Odilia